Wasomaji Wauliza: Laini nisizozijua kwa jina langu

SWALI: Mimi ni dalali wa mahindi hapa Kibaigwa. Nilisajili laini kwa kijana wa mwavuli stendi. Alisema alama haijashika, nikaweka kidole mara tatu. Huenda amesajili nyingine kwa jina langu? Si kuna kikomo?

JIBU: Huenda, ndugu yetu, na usikae na wasiwasi huo hata leo. Kikomo kipo: kanuni za usajili za mwaka 2020 zilianza na laini moja kwa kila mtandao kwa matumizi ya kawaida, ya ziada kwa kibali. Lakini mfumo unachotazama ni namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na kidole. Hauna namna ya kujua kwamba kidole cha pili ulikiweka ukidhani cha kwanza kimekataa. Na tapeli anayetumia laini hiyo, jina linalotokea ni lako.

Piga *106# na uchague sehemu ya kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ziandike zote kwenye karatasi. Usiyoitambua, nenda duka la mtandao wa namba hiyo (kila mtandao hufuta za kwake tu), ukiwa na kitambulisho cha NIDA, uombe ifutwe. Ukitoka, piga tena *106#. Usiridhike na maneno ya kaunta. Kama kuna mtu amekupigia akidai umemtapeli kwa namba hiyo, pitia polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa uliyoandikisha.

Siku nyingine, alama ikigoma, dai kuona ujumbe wa kukataliwa kwenye simu ya wakala kabla hujarudia. Vidole vya watu wa jembe na magunia hugoma kweli, maana ngozi imesuguliwa na vumbi limejaa kwenye mistari. Nawa, kausha, jaribu kidole kingine.

SWALI: Mdogo wangu ana miaka 19 na kadi yake ya NIDA haijatoka. Nimsajilie laini kwa jina langu? Niko Nkuhungu, Dodoma.

JIBU: Hapana, dada. Kadi si lazima, namba inatosha. Kama alishajiandikisha, aitafute kupitia *152*00# au ofisi ya NIDA ya wilaya. Namba ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Zisipolingana na tarehe yake, hiyo si namba yake, ama kuna kosa la kurekebishwa kwanza.

Ukimsajilia wewe, pesa za kwenye simu zitakuwa zake ila jina ni lako. Simu ikiibwa, hawezi kurudisha laini mpaka kidole chako kiwepo. Na wewe ukiwa umesafiri kwenda Singida?

SWALI: Nimetumiwa ujumbe na nisiyemjua: "ile hela ya kodi tuma kwenye namba hii". Nifute tu?

JIBU: Usifute kwanza. Upeleke ujumbe huo kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, na ukiombwa namba iliyoutuma, iandike. Hapo ndipo laini hiyo inapofuatiliwa. Kama kweli unadaiwa kodi, mpigie mwenye nyumba kwa namba yake uliyoizoea. Na anayejiita huduma kwa wateja akipiga kwa namba ya kawaida badala ya 100, kata simu.