Umepangiwa PCB au CBG huku Kusini? Anza na mkorosho

Kila mwaka wanafunzi wanapopangiwa shule za kidato cha tano, kwa michepuo kama PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) na CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia), wadogo zangu wa Masasi, Newala, Nachingwea na Lindi mjini huniandikia: dada, nimepata CBG, na watu wananiambia upande wa mimea na ikolojia unaangusha wengi. Unaangusha kwa sababu tunausoma kwa kukariri. Tunabeba kichwani michoro ya maua ya Ulaya ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyashika, huku dirisha la darasa linatazama mikorosho. Nilisoma CBG Mtwara, nikaendelea na botania chuoni, na siku hizi nafundisha twisheni jioni. Ushauri ninaowapa wote ni huu: chagua mimea michache ya hapo ulipo, isizidi minne, na kila mada mpya mwalimu anayoifungua ipeleke kwenye mimea hiyo uone kama inakubali au inagoma.

Mkorosho uwe wa kwanza. Jina lake la kitaalamu ni Anacardium occidentale, wa familia ya Anacardiaceae, ndugu wa mwembe. Asili yake ni kaskazini mashariki mwa Brazili, na Wareno ndio walioufikisha pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 16. Mkifika kwenye mada ya matunda, mwoneshe mwenzako bibo lenye korosho yake na umuulize tunda ni lipi. Wengi watashika bibo. Bibo ni kikonyo cha ua kilichovimba na kujaa maji; tunda lenyewe ni ile korosho inayoning'inia chini, ganda lake ndilo lenye mafuta yanayounguza ngozi, na tunachokula ni mbegu iliyomo ndani. Ukishalishika hilo mkononi, maelezo ya tunda la kweli na tunda la uongo hayakutoki tena.

Kisha panda kwenye maua. Shada moja la mkorosho lina maua dume na maua yenye jinsia zote mbili, yamechanganyika. Chukua lenzi ya mkono, kaa kivulini, yahesabu. Utakuta madume ni mengi mno kuliko yale yanayoweza kuzaa, na hapo utaanza kujiuliza mwenyewe maswali ambayo mtihani utakuja kuyauliza: chavua (poleni) hii yote ni ya nini, nani anaibeba, na kwa nini shada lenye maua mamia linaishia na korosho chache tu?

Upande wa ikolojia mti huu ni hazina. Tembelea shamba la zamani ambalo mikorosho ilipandwa karibu karibu mpaka matawi yameshikana. Mkorosho huchanua nje ya mwavuli wake, panapopigwa na jua. Matawi yakigusana, pale yanapogusana hakuna maua. Yanabaki juu tu. Huo ndio ushindani ndani ya spishi moja, na mkulima anaujua kwa magunia anayoyakosa. Ndiyo maana maofisa ugani hushauri nafasi ya mita 12 kwa mita 12. Usikariri kwamba hiyo ni miti 69 kwa hekta. Gawanya mita za mraba 10,000 kwa 144, utaipata mwenyewe hata ukiwa ndani ya chumba cha mtihani.

Vimelea navyo viko hapo hapo. Ubwiriunga, ule unga mweupe unaofunika machipukizi na maua, ni kuvu anayeishi kwenye seli hai tu, na kwa hiyo hutafuta sehemu changa. Hebu mfikirie mzunguko wake: mti unatoa majani mapya na maua katika miezi ya baridi, asubuhi kuna umande, na chakula cha kuvu kimejaa kila tawi. Mkulima anapopuliza salfa kabla ugonjwa haujashika, anazuia spora zisiote. Wako pia mbu wa mikorosho, wadudu wanaofyonza machipukizi laini mpaka yanakauka, na wako majimoto, wale siafu wekundu wa mitini wanaoshona majani kwa nyuzi za mabuu wao. Majimoto huwawinda mbu wa mikorosho. Mtu anayechuma korosho anawachukia kwa sababu wanang'ata, lakini mwanafunzi wa ikolojia ana udhibiti wa kibayolojia unaotembea mbele ya macho yake. Mkiwa Mtwara, mwombeni mwalimu aandike barua kwenye kituo cha utafiti cha Naliendele, ambacho kazi yake kubwa ni zao hili. Swali moja zuri kwa mtafiti linazidi kurasa nyingi za noti.

Mmea wa pili ninaoupendekeza ni ming'oko, viazi pori vinavyochimbwa huku kwetu, kwa sababu unagoma. Kitabu kinasema monokotiledoni, mimea ambayo mbegu yake ina ghala moja la chakula, zina majani yenye mishipa sambamba, na daikotiledoni, zenye maghala mawili, zina mishipa ya wavu. Chukua jani la ming'oko: lina umbo la moyo, mishipa imetawanyika kutoka kwenye kikonyo, na katikati yake kuna wavu. Ukifuata kanuni kwa upofu utaiweka kwenye daikotiledoni. Lakini ming'oko ni Dioscorea, jamaa wa viazi vikuu, na ni monokotiledoni. Subiri ichanue uhesabu sehemu za ua: zinakwenda kwa tatu tatu. Tunda nalo lina mabawa matatu. Hapo unajifunza kitu kikubwa kuliko kanuni yenyewe, kwamba uainishaji hautegemei sifa moja, na kwamba msahihishaji anampenda mwanafunzi anayeandika "kwa kawaida" badala ya "siku zote".

Wanaojua ming'oko vizuri ni kina mama wanaoichimba. Nendeni na mmoja wao, mkamsalimu na kumweleza mnachosoma, na mbebe jembe msimwachie yeye. Atawaonesha jinsi shina linavyokauka kiangazi huku kiazi kimebaki ardhini, kikingoja mvua. Huku kwetu msimu wa mvua ni mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi, kisha ukavu mrefu. Kiungo kinachohifadhi chakula chini ya ardhi ni jibu la mmea kwa kalenda hiyo.

Mmea wa tatu, kwa walio karibu na bahari, ni mkoko, na hapa natamani kila shule ya Mtwara na Lindi ingepeleka wanafunzi angalau mara moja. Mikindani ipo, Lindi mjini ghuba ipo, na kusini kabisa kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Mkoko unasimama ndani ya maji, lakini jani lake ni nene na lina nta, kama la mmea wa jangwani. Maji yapo tele, ila ni ya chumvi, na kwa osmosisi si rahisi kuyavuta. Spishi zinatatua tatizo hilo kila moja kwa njia yake. Rhizophora, yenye mizizi ya magongo, inaizuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini. Mchu, yaani Avicennia marina, unaiingiza kisha unaitoa kupitia tezi za majani. Siku ya jua kali pitisha ulimi kwenye jani lake utaionja. Chimba tope kidogo: ni jeusi na linanuka kama yai viza, kwa sababu oksijeni haimo na bakteria wanatoa haidrojeni salfaidi. Sasa zile ncha za mizizi ya mchu zilizochomoza juu ya tope unaelewa zinatafuta nini.

Kufanya transekti, yaani kuhesabu viumbe kwenye mstari mmoja, hakuhitaji fedha. Chukueni kamba ya mita 50, mfunge kitambaa kila baada ya mita 5, na fito nne za mita moja moja mzifunge ziwe kwadrati ya kuhesabia miche na wanyama wa topeni. Vuteni kamba kutoka majini kuelekea nchi kavu, na miti mikubwa muihesabu kwenye ukanda wa upana sawa pande zote mbili za kamba. Sehemu nyingi za pwani yetu utaanza na mlilana, aina nyingine ya mkoko, upande wa bahari, upite Rhizophora, ufike kwenye mkandaa, nao ni mkoko, na mchu uukute tena nyuma kabisa kwenye chumvi kali. Majina ya Kiswahili hubadilika kijiji hadi kijiji, kwa hiyo andika la kienyeji na la kitaalamu pamoja.

Kwenye tope hilo hilo mnaweza kufanya kamata, weka alama, achia, kamata tena, kwa kutumia tondo, konokono wa topeni, na rangi ya kucha. Mkiweka alama tondo 40, mkarudi na kukamata 50, na kati yao 10 wana alama, makadirio ni 40 mara 50 gawanya kwa 10, yaani 200. Msifanye pale kina mama wanapookota tondo wa mboga, maana hesabu itaharibika na nyinyi mtakuwa mmewaingilia riziki yao.

Ujumbe kwa shule zenye hadubini chache: paka rangi ya kucha isiyo na rangi chini ya jani la mkorosho, iache ikauke, ibandue kwa selotepu, ibandike kwenye kioo. Stomata, vile vitundu vya hewa vya jani, zitaonekana vizuri, na slaidi moja inatosha kupita darasa zima.

Maswali ya insha kuhusu uhifadhi ndiyo yanayonisikitisha zaidi ninaposahihisha. Mtoto wa Kilwa ananiandikia Amazoni, wakati vijiji vya Kikole na Kisangi vya wilaya yake vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha kuvuna mpingo kwa njia endelevu kutoka misitu yao wenyewe. Wa Lindi anasahau Rondo, nyanda za juu zilizompa jina komba mdogo wa Rondo. Mfano wa kwako una majina na sababu unazoweza kuzitetea.

Mkipanga safari ya mikokoni, muulizeni mvuvi siku za bamvua, mwezi unapoandama au ukiwa mpevu, kwa sababu maji hupwa mbali zaidi. Ingieni maji yakiwa bado yanatoka, na mtoke mara yanapogeuka. Vaeni viatu vya kufunga, makombe yanakata. Mikoko ni hifadhi kisheria, kwa hiyo ofisi ya misitu ijulishwe kabla, na kwa jani au ua mnalohitaji kuchora chukueni moja kwa kundi zima.