Kwa vijana wa usharika mnaoniuliza "wa kujitolea" analipwa kiasi gani Ujerumani

Bwana Yesu asifiwe. Wazee na akina mama mtakaosomewa haya, shikamooni.

Vijana, ujumbe wenu nimeupata. Mmoja wenu anasema amesikia kwamba ukija Ujerumani kujitolea kwa mgongo wa kanisa unalipwa mshahara wa Ulaya, chumba bure, chakula bure, na mwaka ukiisha unajiongeza tu, unabaki. Wengine wameitikia amina. Halafu mnaniuliza siku za kwanza zilikuwaje. Nitawajibu, na mtanivumilia nikiwa mkali, kwa sababu maneno ya namna hiyo ndiyo yaliyoniliza siku ambazo nilipaswa kuwa namshukuru Mungu kwa kufika salama.

Habari za ndege na baridi kila mtu ameshawasimulia, nazipita. Nataka tuongee habari ya hela.

Kwanza mjue hii nafasi ilitoka wapi. Ujerumani ilikuwa na jeshi la lazima, na kijana aliyekataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri yake alipelekwa kufanya kazi hospitalini, kwenye nyumba za wazee au vituo vya walemavu. Mwaka 2011 jeshi la lazima likasimamishwa, vijana hao wakatoweka kwa mkupuo, na serikali ikaanzisha huduma ya kujitolea inayoitwa Bundesfreiwilligendienst ili mikono isikosekane. Nyumba nyingi za namna hiyo ziko chini ya Diakonie ya Waprotestanti na Caritas ya Wakatoliki, ndiyo maana wengi wetu mlango wetu umekuwa kanisa. Kwa hiyo sikuja kuhubiri. Nilikuja kuogesha watu, kuwavalisha na kuwalisha.

Malipo yake ni posho. Sheria imeweka kikomo cha juu, ambacho mwaka 2025 kilikuwa euro 644 kwa mwezi. Kima cha chini haikuweka, na mashirika mengi hutoa chini ya hapo. Mwaka huohuo mfanyakazi wa kawaida hakutakiwa kulipwa chini ya euro 12.82 kwa saa. Kwa wiki ya saa 39 hiyo inapita euro 2,000 kwa mwezi kabla ya makato. Sheria hiyo ya mshahara haimhusu anayejitolea. Chumba nilipewa, bima ya afya ililipiwa na kituo, nashukuru sana. Lakini mshahara wa Ulaya sikuuona.

Sasa zile siku zenyewe. Benki niliyokwenda iligoma kunifungulia akaunti bila karatasi ya usajili wa makazi. Usajili unatakiwa ufanyike manispaa ndani ya wiki mbili tangu uhamie, na husajiliwi bila karatasi yenye saini ya aliyekupa nyumba. Aliyenipa chumba ni kituo, na mwenye mamlaka ya kutia saini alikuwa likizo. Nikabaki na noti chache nilizotoka nazo nyumbani, nazihesabu kila usiku kabla ya kulala.

Nilipofika manispaa, fomu ina sehemu ya dini. Nikajaza Mlutheri, bila kusita. Mwenzangu aliyenisindikiza akanieleza kwamba jibu hilo ndilo linaloamua kama utakatwa kodi ya kanisa: kwa mwenye kipato kinachotozwa kodi, ni asilimia 8 au 9 ya kodi yake ya mapato, kutegemea jimbo. Mimi posho yangu haikuguswa, lakini jambo hilo lilinikaa kichwani. Huku sadaka kubwa inakatwa mtu hajaishika mkononi. Baada ya ibada hakuna mnada wa kuku wala ndizi, na hakuna anayejua jirani yake ametoa nini. Kwetu kila kitu cha kanisa tumekijenga kwa kutajana majina na kuchangishana. Wa huku walinishangaa kila simu yangu ilipolia, wasielewe kwa nini naogopa kuipokea.

Ililia jioni ileile, meseji baada ya meseji. Katibu wa kwaya: "Dada, tunamshukuru Mungu umefika. Kwaya imekaa kikao, tumeona utusaidie kinanda, na ikiwezekana spika mbili." Kabla sijajibu, mjomba, ada ya mtoto. Kisha mtu niliyesoma naye, nauli ya Dar.

Nilizisoma hizo meseji nikiwa nimetoka kumbadilisha nepi mzee wa rika la babu yangu, mara ya kwanza maishani mwangu. Muuguzi alinionyesha: unafunika kwa taulo, unafunua sehemu moja tu, unaiosha, unaifunika, ndipo unakwenda nyingine. Na humgusi kabla hujamwambia unachotaka kufanya. Kijerumani changu kilikuwa cha kuokoteza, basi niliandika sentensi hizo kwenye kikaratasi nikakiweka mfuko wa aproni, nakichungulia kila hatua. "Sasa nainua mkono wako." "Sasa nakugeuza." Mzee alikuwa ameelekeza uso ukutani muda wote. Nilipomaliza akasema asante bila kunitazama. Hakuna aliyeniambia, si kwenye semina ya maandalizi wala kwenye maombi ya kuniaga, kwamba kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Najua mlinichangia. Nauli ya kwenda ubalozini, hela ya kutafsiri vyeti, masweta aliyoyatafuta mama mchungaji, kuwekewa mikono madhabahuni. Deni hilo nalibeba na silikatai. Ndiyo maana ujumbe wa kinanda uliniuma kuliko ule wa nauli ya Dar, kwa sababu kwaya ilikuwa na haki ya kuniomba.

Na huko kubaki. Kibali changu kiliandikwa kwa huduma ile tu. Kibarua cha pembeni hakikuruhusiwa. Bado nipo kwa sababu nilihangaika na Kijerumani mpaka nikapata nafasi ya mafunzo ya uuguzi, ambayo ni miaka mitatu, nikaomba kibali kingine kwa jina langu. Mchungaji alitegemea nirudi kwenye kituo chetu cha watoto walemavu. Sijarudi. Linaniuma, na siku za Jumapili linaniuma zaidi.

Msije kwa ajili ya hela. Kama shida yako ni hela, baki, tafuta mtaji, utafika mbali kuliko mimi mwaka ule. Lakini njooni! Wewe unayekaa na bibi yako mgonjwa bila kulazimishwa, njoo, huku wazee wanakuhitaji na utajifunza kazi ambayo hutaisahau. Usitume hata senti miezi mitatu ya kwanza. Mama akilazwa, tuma, hata kama utatembea kwa miguu kwenda kazini. Siku ya kuagwa simama mwenyewe mbele ya usharika utaje posho ni euro ngapi, usione haya. Au mwombe mchungaji aseme, akisema yeye hakuna wa kubisha. Jifunze lugha kabla ya kila kitu. Na semina za mafunzo za wanaojitolea, siku 25 kwa mwaka, ni haki yako, usikubali kuambiwa kituo kina kazi nyingi.

Katibu, kinanda nitachangia fungu langu kama mwanakwaya mwingine. Naomba bei ya dukani, iliyoandikwa, si ya kukadiria.

Na wewe mdogo wangu uliyeniandikia pembeni kwamba mkataba wako umefika na unatakiwa kuurudisha Ijumaa: usisaini. Nipigie picha kurasa zote, hasa ule wenye posho, chakula na nauli ya kazini, unitumie leo usiku nikitoka zamu.