Maswali ya Taka: Guta Si Kituo

Kilo ya chupa za maji inanunuliwa bei gani?
Nimelijibu hili mpaka kalamu imechoka. Bei ni ya dalali wa mtaani kwako, nayo hubadilika. We itazame mizani yake kwanza.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019. Mbona sokoni bado nafungiwa nyanya kwenye kimfuko laini?
Kwa sababu unakipokea.

Kikundi chetu cha vijana wazoa taka kinataka mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Tuanzie wapi? (Tabata)
Mgawo mnaujua: wanawake asilimia 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2, bila riba. Ulisimamishwa 2023 ukarudi 2024, na kwa vikundi hewa vilivyokuwa vikiuchota, sikuwalaumu waliousimamisha. Sasa, msikimbilie fomu. Mkopo utawanunulia guta la kubebea taka, lakini guta lisilo na mahali pa kuchambulia litawaachia marejesho tu. Daini kwanza eneo, hata uchochoro nyuma ya ofisi ya mtaa, na makubaliano ya maandishi kwamba ada ya taka mnakusanya ninyi. Nimeshuhudia kikundi kikizoa mtaa miaka kadhaa, nyumba kwa nyumba. Siku moja ikatangazwa tenda ya kata nzima: lori, dhamana ya benki. Mkandarasi akaingia, vijana wakabaki na makoleo yao. Ushirika uliosajiliwa hausukumwi kirahisi hivyo. Nendeni Bonyokwa mkawaulize wenzenu, walijiunga kuwa ushirika wakisaidiwa na shirika la Nipe Fagio. Wakazi wanatenganisha nyumbani, wao wanachambua kituoni. Na mweka hazina asiwe shemeji wa mwenyekiti.

Tunatenganisha, halafu gari linachanganya. Kuna maana gani?
Za jikoni zisifike kwenye gari. Ndizo nzito kuliko zote, na ganda la ndizi halina shughuli dampo la Pugu Kinyamwezi. Zifukieni ziwe mboji, au mpeni jirani mwenye kuku. Chupa zikibaki kavu zina mnunuzi; zikilowa mchuzi wa maharage, dalali anakata bei.

Mfadhili ametuahidi semina na fulana. Tukubali?
Semina, ndiyo. Fulana mnazo.

Waokota chupa wanapekua mapipa yetu alfajiri na kuacha uchafu. Tuwafukuze?
Dada yangu, wanapekua kwa sababu umewachanganyia. Weka chupa kwenye kiroba chake, nje ya geti. Pipa hawataligusa.