Ukuta wa Mshipa Ulionenepa Kwenye Slaidi

SWALI: Mhariri, assalaam aleikum. Mimi ni mwanafunzi wa maabara hapa Mombasa. Nilipima kwa hadubini ateri ndogo (mishipa inayopeleka damu kutoka moyoni) za panya wawili, mmoja mwenye shinikizo la damu na mwingine mzima. Ukuta wa ateri ya yule mgonjwa ulikuwa mnene zaidi, nikaandika kwamba seli za misuli zimekua. Mwalimu alikataa, akaniuliza ateri zilihifadhiwa vipi. Yahusiana vipi? – Msomaji, Kisauni.

JIBU: Waaleikum salaam. Mwalimu wako ameuliza la msingi. Ateri ikitolewa mwilini hukosa msukumo wa damu uliokuwa ukiitanua, na misuli yake hujikaza. Chukua ateri yenye uwazi wa kipenyo cha maikromita 200 na ukuta wa maikromita 20. Ikijikaza hadi uwazi ubaki 100, ukuta utafikia takriban 33, ilhali hakuna hata seli moja iliyokua. Ikiwa ateri ya panya mgonjwa ilijikaza kuliko ya mwenzake, ulichopima ni huko kujikaza. Tazama utando mwembamba ulio upande wa ndani wa misuli: ukiwa na mawimbi mawimbi, kama kiuno cha sketi kilichovutwa na lastiki, ateri ilihifadhiwa ikiwa imejikaza.

Kisha kuna fomalini, alkoholi na nta, zinazotumika kuhifadhi na kuandaa mshipa kabla ya kukatwa. Mtu wa Pwani anajua pweza anavyosinyaa akichemshwa. Nyama ya mshipa nayo husinyaa katika hatua hizi, na kiasi chake hutegemea dawa na muda, kwa hiyo ateri zote mbili zipitishwe pamoja. Hata kuhesabu viini vya seli ili kujua idadi ya seli kuna mtego, kwa kuwa mshipa hukatwa vipande vyembamba, na kiini kirefu huguswa na kisu katika vipande vingi kuliko kifupi.

Wataalamu huilegeza ateri kwa dawa kwanza, wakaihifadhi ikiwa imetanuliwa kwa shinikizo linalojulikana. Kwa vipimo vya uangalifu namna hii imeonekana kwamba, katika ateri ndogo za binadamu wenye shinikizo la damu lisilo na chanzo bayana, mara nyingi seli zina ukubwa wa kawaida, ila zimejipanga upya kuzunguka uwazi mdogo zaidi. Ndiyo maana neno lako "zimekua" linadai ushahidi. Rudi kwenye slaidi zako, uutazame kwanza ule utando.