Mrija ukigoma kuingia, njiani kwenda Hospitali ya Maweni, Kigoma

Mdogo wangu, umeuliza gari lenu la wagonjwa huko Kibondo liongezewe nini kwanza, laringoskopu ya video (kifaa chenye kamera cha kuonea ndani ya koo) au kingine, kwa kuwa kuingiza mirija ya kupumulia kooni kwa mgonjwa kunakusumbua. Mimi ningeanza na buji. Ni fimbo laini ya plastiki, kama sentimita 60, ncha imepinda kidogo. Hata ukiona epigloti peke yake (kile kifuniko cha njia ya hewa), ipitishe chini yake taratibu; ikiingia penyewe, mara nyingi utahisi inakwaruza pingili za koromeo la hewa. Kisha telezesha mrija juu yake. Haihitaji chaji, na vumbi haliitishi.

Ya pili ni i-gel, kifaa laini kinachokaa kooni juu ya njia ya hewa badala ya mrija. Namba 4 inawafaa watu wazima wengi (kilo 50 hadi 90), na haina puto la kujaza. Ukijaribu mrija mara mbili ukashindwa, weka hiyo, safari iendelee.

Ila ukweli, wengi huokolewa na Ambu (mfuko wa kuminya wa kusukuma hewa) na maski tu: mmoja abane maski kwa mikono miwili, mwenzake aminye mfuko. Video nzuri, sikatai, lakini damu na matapishi yakifunika kamera huoni kitu. Mashine ya kufyonza mnayo?