Noeli ya mvua katika nyumba ya watu 31

Kwetu tumezaliwa tisa, baba mmoja mama mmoja. Baba ametangulia, mama yupo. Mdogo wetu wa sita anaishi Québec, kule Kanada. Sisi tuliobaki tukikusanyika tarehe 25 Desemba, pamoja na wakwe na wajukuu, tunafika watu 31 katika nyumba ya vyumba vinne hapa Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, nyumba ambayo baba aliijenga wakati ana watoto watatu tu. Mimi ni wa pili. Tangu yaya, dada yetu mkubwa, aolewe Uvira, kuandaa Noeli kumebaki mikononi mwangu, na kwa miaka kumi na mitatu nimeona mvua ya kila namna. Wamama wawili wa shirika letu wameniomba niandike tunavyofanya ikitufungia ndani. Naandika niliyojifunza, na mengine niliyajifunza kwa machozi.

Kazi kubwa iko kabla ya tarehe 23. Ukingoja mkesha ndipo ushuke soko la Kadutu, utakuta njia ni tope, makala, yaani makaa, yamelowa na bei imepanda, na hayo yaliyolowa hayawaki, yanatoa moshi tu. Mimi nanunua magunia mawili mwanzoni mwa mwezi, nayaweka ndani juu ya mbao, kamwe si juu ya udongo. Bidoni zote za maji zijazwe siku ya 23. Umeme msiutegemee, taa za sola zianikwe kila jua linapotokeza, hata kwa nusu saa, na mishumaa ikae juu ya kabati ambapo mkono wa mtoto haufiki. Mbuzi achinjwe tarehe 24 asubuhi, mawingu hayajakusanyika juu ya ziwa. Kuku wanaweza kungoja.

Sasa Misa. Hapo ndipo sisi tuligombana. Mwaka 2016 mvua ilianza saa tisa ya usiku, na kulipokucha ile njia yetu ya kupanda barabarani ilikuwa imegeuka mfereji. Wamotari, wale wa pikipiki za abiria, hawakuwepo. Kaka zangu wakasema tungoje. Mimi nikasema hapana, haiwezekani familia ya Kikristo ikae nyumbani siku ya Noeli, nikawatoa wote nje, na mama naye, wakati huo ana miaka 71. Hatukufika hata nusu ya njia. Aliteleza, akaegemea mkono, na nilisikia mfupa ule ukivunjika. Siku nzima tukaimalizia hospitalini, sufuria zimeachwa kwenye moto, watoto kwa jirani. Nilipopiga magoti kumwomba msamaha aliniambia tu nimfunge kikwembe vizuri, kimelegea.

Baadaye padri mmoja wa parokia yetu alinifafanulia jambo ambalo ningelijua mapema lingemwokoa mama. Wajibu wa Misa ya Noeli unatimizwa pia na Misa ya jioni ya tarehe 24. Na kama sababu nzito inazuia kabisa, Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1248, inahimiza waamini wakae katika sala, mtu peke yake au na jamaa yake, au familia kadhaa pamoja. Mgonjwa, mzee, mama mwenye mtoto mchanga, njia inayobomoka: hizo ni sababu. Kwa hiyo sisi sasa wenye miguu yenye nguvu wanakwenda Misa ya mkesha tarehe 24, jioni, na wanarudi pamoja wakiwa na tochi. Asubuhi, anga likiwa zuri, wengine wanakwenda. Likiwa baya, hakuna anayemlaumu mwenzake.

Lakini sala ya nyumbani nayo ina namna yake. Watu wengi wanasema "tutasali," kisha mvua inapiga bati, redio inawashwa, sufuria inanukia, na saa nane inafika hakuna aliyefumba macho. Sisi tumeweka saa nne asubuhi, hata kama mmoja bado anaoga. Wanaume wanahamisha viti na mikeka sebuleni, na zizi la Noeli, ambalo watoto wamelijenga kwa udongo na majani ya migomba, linawekwa chini katikati, siyo juu ya meza, ili hata anayetambaa amwone Mtoto Yesu. (Mwaka mmoja anayetambaa alimchukua, tukamkuta jioni ndani ya kiatu. Siku hizi ninamfunga kwa uzi.) Somo la Isaya, sura ya 9, husomwa na mmoja wa wakwe, maana nataka wakwe wajisikie wa nyumba hii. Injili ya Luka, sura ya 2, husomwa na mtoto aliyepata Komunyo ya kwanza mwaka huo, na anapewa wiki mbili za kujizoeza. Mvua juu ya bati inafunika sauti ya mtoto, basi tunakaa karibu karibu, magoti kwa magoti. Nami nakiri kwamba kanisani sijawahi kuisikiliza Injili ile kwa nguvu ninayoisikiliza hapo, nimeinama, nikikamata neno moja moja.

Maombi ni ya kila mtu kwa lugha yake. Mama anasali kwa mashi, vijana kwa kifaransa, sisi kwa kiswahili. Halafu mama anawataja marehemu wetu, jina kwa jina, na hapo hatumharakishi.

Jambo la babula, jiko la makala la kubebeka, nataka nilikazie. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na siku ya mvua baridi inaingia mifupani. Jiko letu liko nje, bati lake limetoboka, kwa hiyo kishawishi ni kuingiza babula ndani, kufunga mlango na madirisha, watoto wapate joto huku maharagwe yanaiva. Tuliwahi kufanya hivyo. Moshi ulikuwa umekwisha, makala yamekuwa mekundu mazuri, tukadhani hatari imepita. Baada ya muda watoto watatu waliokuwa wamelala chumbani walianza kulalamika kichwa, mmoja akatapika, na binti wa kaka yangu hakuamka nilipomwita. Tulimtoa nje mvuani jinsi alivyo, tukamkumbatia chini ya ukingo wa bati mpaka akafungua macho na kulia. Kile kilio sitakisahau. Makala mekundu hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi, na hutoa hata pasipo moshi wowote. Tangu hapo babula haivuki kizingiti. Tulinunua mabati matano, tukaezeka upya jiko, na pesa hiyo ilitoka kwenye nguo mpya za Noeli za mwaka ule. Watoto walivaa za mwaka uliopita. Kwa baridi tuna triko, soksi, blanketi na miili ya wenzetu. Na mtu akipata kichwa na kichefuchefu karibu na babula, msimpe dawa kwanza: fungueni mlango, mtoeni nje, kisha mpelekeni kwa daktari hata kama ameamka.

Wenye nyumba kwenye miteremko wanajua jambo lingine. Mvua ikinyesha usiku kucha, nendeni mkaangalie ukuta wa nyuma. Ukiona ufa mpya, mlango uliokuwa ukifunga vizuri umeanza kukwama, au maji yanayotoka chini ya kilima yamegeuka matope, msikae mezani. Ondokeni. Na ninyi mlio mahali pa salama, msingoje waombe. Jirani yetu wa chini ana watoto wanne na nyumba yake imesimama ukingoni mwa korongo. Kila mvua kubwa mama ananiuliza, "Wameshapanda?" Noeli moja walipanda kabla ya alfajiri wakiwa na godoro moja, jogoo na redio, tukawa 37. Asubuhi ile tulijibanza wote kwa ajili ya Injili ya Maria na Yosefu waliokosa nafasi. Hakuna aliyehitaji kueleza kitu. Yaya alisogeza tu mtoto wake.

Kuhusu chakula sisemi mengi, kila nyumba ina mkono wake. Pikeni sombe, yale majani ya muhogo, tarehe 24, inalala vizuri na kesho yake ni tamu zaidi. Sambaza, samaki wadogo wa ziwani, zikaangwe mwisho kabisa, ziliwe zikipiga kelele mdomoni. Watoto wale kwanza kwenye sinia moja wakiwa na mtu mzima mmoja wa kuwagawia nyama, kisha wazee, kisha sisi. Bugali usisonge wote mara moja, utapoa. Na wasichana wasiachiwe vyombo peke yao. Kwetu vijana wa kiume wanaosha, wakiwa wamesimama chini ya bati, maji ya mvua yakijaza beseni yenyewe, na wanaimba kuliko walivyoimba asubuhi.

Saa kumi jioni tunampigia mdogo wetu. Kule ni saa tatu asubuhi, tofauti ya saa saba, na mega za intaneti za simu nazinunua mapema kwa ajili hiyo. Noeli iliyopita theluji ilikuwa imeziba mlango wake mpaka magotini. Mume wake alikuwa akichimba njia kwa koleo, nao walikuwa wamesali nyumbani, watu wanne tu mezani. Alitutazama sote tulivyobanana kwenye kioo kidogo, akanyamaza. Wakati huohuo kwetu mvua iligeuka mawe. Bati lililia hata tukashindwa kusikilizana, na uwanja ukawa mweupe mbele ya macho yetu. Watoto walipiga kelele, "Theluji! Theluji!" Yule binti wa kaka, sasa ana miaka tisa, alikimbia nje na kikombe, akarudi nywele zimelowa, akakiinua mbele ya simu ili shangazi yake aone. Shangazi alimwomba akilete karibu zaidi. Kilipofika karibu, mawe yalikuwa yamebaki mawili, yakielea majini, na alimwambia asimwage, ampe koko, bibi yake, anywe.

Mama alikunywa yote.