Kuhusu Omicron na Afrika Kusini

Je, Omicron, aina mojawapo ya kirusi cha korona (UVIKO-19), ilianzia Afrika Kusini? Hapana, hilo halijathibitishwa. Maabara za Botswana na Afrika Kusini ndizo zilizosoma jenomu yake (yaani jeni zake zote) na kuitangaza Novemba 2021, WHO (Shirika la Afya Duniani) wakaipa jina tarehe 26 mwezi huo. Baadaye Uholanzi walipima upya sampuli zao za tarehe 19 na 23 Novemba, yaani za kabla haijapewa jina, wakaikuta imo. Afrika Kusini waliishtukia mapema kwa sababu vipimo vya PCR, vinavyotafuta jeni za kirusi kwenye sampuli, vilianza kukosa jeni moja, ile ya S (ya miiba ya kirusi), kati ya zinazotafutwa; sampuli hizo zikapelekwa kusomwa jenomu nzima. Shukrani waliyopewa ni kufungiwa safari za ndege! Ila kukosekana kwa jeni S peke yake hakutoshi kuthibitisha kuwa ni Omicron, maana hata Alpha, aina ya kirusi hicho iliyotangulia, ilikuwa hivyo.